Mpendwa, Tuandikishane Kwanza

Ugomvi mwingi wa wapendwa ninaoufahamu ulianza kwa kuoneana haya. Mtu anataka kuuliza, "Utanirudishia lini?" anashindwa, kwa sababu anayekopa ni mwenzake wa kwaya, au ni shemeji yake, au wiki nzima wamekuwa wakifunga na kuomba pamoja. Anatoa hela, ananyamaza. Miezi inapita, na yule yule aliyeshindwa kuuliza swali dogo siku ya kwanza ndiye anayekuja kugonga mlango wa mwenzake alfajiri, akiwa na mgambo.

Mimi nanunua na kuuza viazi hapa Uyole, Mbeya, na kanisani kwetu ni mzee wa kanisa. Sokoni naona watu wanavyokubaliana. Kanisani naletewa yaliyoharibika. Nimekaa pande zote mbili muda wa kutosha kuona kwamba wengi wetu tunalegea mwanzoni halafu tunakaza mwishoni, na watu wanaumia. Ushauri wangu wote hapa ni kugeuza mpangilio huo: masharti yasemwe wazi siku ya kwanza, mkiwa bado mnacheka, na huruma iwekwe akiba kwa ajili ya siku mambo yatakapokwenda vibaya.

Najua wapo watakaosema huko ni kukosa imani. Nimeambiwa hivyo usoni. "Mama, kama tunaaminiana katika Bwana, karatasi ya nini?" Nitajibu, ila kwanza niwaeleze kesi moja ya viazi.

Viazi vilikuwa vya nani?

Anayejua biashara ya huku anajua mali kauli. Mkulima wa Isongole au wa Umalila anavuna, hana gari, na mnunuzi mwenye fedha taslimu hajafika. Anampa mfanyabiashara mzigo kwa maneno tu: nenda, ukirudi tutahesabiana. Siipingi mali kauli hata kidogo. Bila hiyo vijana wengi wa hapa sokoni wasingepata pa kuanzia, na viazi vya wakulima wengi vingewaozea shambani. Inaendeshwa na uaminifu, na uaminifu huo upo kweli, nauona kila msimu.

Wanaume wawili wa usharika mmoja walipeana mzigo kwa njia hiyo. Mkulima alitoa magunia arobaini. Lori likaharibikia Mlima Kitonga, likalala pale siku mbili, kisha likashuka Ruaha Mbuyuni kwenye lile joto viazi vikiwa vimeanza kutoa maji. Dar es Salaam vikaenda kwa bei ya kutupa. Mfanyabiashara akarudi na fedha isiyofika nusu ya ile waliyoitegemea.

Walipoletwa mbele ya wazee, kila mmoja alikuja na Biblia yake. Mkulima alisoma Yakobo sura ya 5, pale ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapopiga kelele. Mfanyabiashara alisoma habari ya kusamehe saba mara sabini. Wote walisoma kwa machozi, na wote walimaanisha. Lakini kila mmoja alikuwa ameichagua aya inayomfunga mwenzake. Hakuna aliyefungua ukurasa unaomfunga yeye mwenyewe.

Niliomba tuzifunge Biblia kwa muda kidogo, nikauliza: lori lilipokuwa Kitonga, vile viazi vilikuwa mali ya nani? Chumba kikawa kimya. Mkulima akasema yeye alikwisha kuuza, hasara ya njiani haimhusu. Mfanyabiashara akasema hakununua, alipewa akauze, kwa hiyo viazi vilikuwa bado vya mkulima. Hayo ni mapatano mawili tofauti kabisa, na kila mmoja alikuwa sawa kwa jinsi alivyoelewa. Hakukuwa na mwizi katika kesi ile. Kulikuwa na swali moja ambalo lingeulizwa shambani, kabla gunia la kwanza halijashonwa, wangelimaliza wakiwa wamesimama.

Mwisho walikubali kugawana hasara nusu kwa nusu, mfanyabiashara alipe kwa awamu baada ya mavuno yaliyofuata, na safari hiyo tukaandika. Alilipa yote. Wanaume wale wanasalimiana vizuri. Wake zao mpaka leo hawakai benchi moja, na hilo linaniuma, kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakisaidiana kulima.

Kwa hiyo wewe unayetoa au kupokea mali kauli, semeni mapema: huu ni mzigo uliouzwa, au ni mzigo uliotumwa kuuzwa? Ukiharibika njiani ni wa nani? Bei ni ya shambani leo, au ni ya soko siku utakapofika, na nani atathibitisha? Hesabu ni lini? Chaneni karatasi ya daftari, andikeni nakala mbili, watu wawili washuhudie. Kama hata kalamu hamna, simu mnazo. Tuma ujumbe: "Kaka, nimepokea magunia 40, nakuuzia kwa niaba yako, tunahesabiana Jumamosi ya wiki ijayo." Naye ajibu kwamba amekubali. Msifute ujumbe huo.

Imani na karatasi

Sasa nirudi kwa anayeuliza karatasi ya nini. Ninamjibu kwa Maandiko, maana ndiko anakosimamia.

Ibrahimu, baba wa imani, alipofiwa na Sara alitaka pango la Makpela kuwa mahali pa kuzikia. Mwenye shamba, Efroni, alimwambia mbele ya watu kwamba anampa bure. Mtu wa haya angepokea na kushukuru. Ibrahimu alikataa bure hiyo. Alimpimia shekeli 400 za fedha, langoni pa mji, watu wakisikia, na shamba likathibitika kuwa lake pamoja na pango na miti iliyomo. Mfiwa yule, katikati ya msiba, aliona mbali. Fikiria wajukuu wa Efroni wangekuja kusema nini juu ya kaburi lililotolewa kwa maneno ya ukarimu.

Yeremia naye alinunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17, na muuzaji alikuwa binamu yake. Wakati huo jeshi la Babeli limeuzingira Yerusalemu, na yeye mwenyewe amefungwa katika uwanja wa walinzi. Alinunua kwa imani tupu, kwa kuwa Mungu alisema mashamba yatanunuliwa tena katika nchi ile. Pamoja na imani hiyo yote alipima fedha kwenye mizani, akaandika hati, akaitia muhuri, akaita mashahidi, akamkabidhi Baruku aitie katika chombo cha udongo idumu siku nyingi. Sijaona mahali pengine ambapo imani na karatasi zimekaa karibu hivi. Na Paulo, alipomwombea Onesimo kwa Filemoni, hakuishia kwenye maneno ya upendo. Alisema kama kuna deni liandikwe juu yake, akaandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa.

Jirani yangu wa kibanda hapa sokoni ni Mwislamu, muuza mchele wa Kyela, na yeye ndiye aliyenionyesha kwamba aya ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni: muda utajwe, mwandishi aandike kwa haki, mashahidi wawepo, na msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Akanionyesha tena aya ya 280, nyuma yake kidogo tu: mdaiwa akiwa na shida apewe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe kama sadaka ni bora zaidi. Nilifurahi sana siku ile. Huruma na maandishi viko katika ukurasa mmoja, kwake na kwangu.

Gunia lenye kilemba

Kuna jambo la soko ambalo linanisumbua zaidi ya madeni, nalo ni lumbesa. Msomaji wa mjini pengine hajui anachokula. Gunia linajazwa hadi mdomoni, kisha linaongezewa kilemba cha viazi kwa kusukwa kamba juu yake, na linahesabiwa gunia moja. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mazao yauzwe kwa vipimo halali, na gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanapita, watu wanakamatwa, na bado kilemba kinasukwa.

Wanaosuka na wanaonunua wengi ni watu wa sala. Nawajua. Ukiwauliza, wanajibu kwa hoja ambayo si ya kipuuzi: mnunuzi wa Dar es Salaam amezoea lumbesa, nikimpelekea gunia la kilo 100 atahamia kwa mwingine, nami nina watoto shuleni. Hiyo ndiyo hali halisi, siwezi kujifanya siijui. Lakini pia mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, Mithali 11, mstari wa kwanza kabisa, na siwezi kujifanya sijausoma.

Ninavyofanya ni hivi. Nanunua kwa kilo. Mizani yangu inakaa chini, mkulima anasoma mwenyewe, tunajumlisha kilo, ninalipa kilo. Faida yangu kwa gunia ni ndogo kuliko ya majirani, na zipo siku gari la jirani linajaa mchana wakati langu linasubiri hadi jioni. Ninaloweza kusema kwa uhakika ni kwamba mkulima aliyepimiwa kwa kilo hunipigia simu yeye mwenyewe mvua zikianza kuchanganya, barabara za milimani zikiwa tope na viazi vikiwa adimu. Hata asingenipigia, ningepima. Mahali pengine mtu anaweza kutafuta katikati, apunguze hapa, aongeze pale. Kwenye mizani sioni katikati.

Binti aliyekuja na baba yake

Kuna eneo ambalo lugha ya upendo inafanya uharibifu mkubwa kuliko yote, nalo ni wasichana wa kazi. Mabinti wa Iringa, Njombe na Makete wanasambazwa nchi nzima, na karibu kila nyumba inayowapokea inasema maneno yale yale: huyu hapa namchukulia kama mwanangu. Uliza mshahara wake wa mwezi uliopita uko wapi. Utaambiwa namtunzia. Uliza anapumzika lini. Utaambiwa hapa ni kwao, mtu anapumzika vipi kwao?

Binti anayeishi nasi aliletwa na baba yake kutoka Makete. Walipitia Kitulo kwa gari la mizigo, wakashukia Isyonje, wakapanda daladala hadi Uyole, wamelowa umande na vumbi kwa pamoja. Binti ana miaka kumi na tisa. Niliwapa chai na viazi vya kuchemsha, tukazungumza habari za nyumbani, za baridi, za miti waliyopanda. Kisha nikatoa daftari. Baba akaweka kikombe chini, akasema, "Mama, sisi tunakuamini. Huyu ni mwanao tangu leo."

Nikamwambia, "Asante, baba. Na kwa kuwa ni mwanangu, tuandike."

Tukaanza. Mshahara kiasi gani. Unalipwa tarehe ngapi. Akiugua nani anamtibu. Jumapili akitoka ibadani ni siku yake. Krismasi anakwenda nyumbani kwa nauli yangu. Akitaka kuacha kazi, au mimi nikitaka aondoke, tunapeana taarifa mwezi mmoja kabla. Baba alikuwa akiitikia kila jambo kwa kichwa. Tulipofika kwenye suala la mshahara utumwe simu ya nani, hakuitikia tena. Alikuwa ametegemea uende kwake, nami sikumlaumu, ana wadogo zake binti bado wanasoma. Nilimgeukia binti. Alikuwa akitazama sakafu, anazungusha ukingo wa kitenge kwenye kidole. Akasema kwa sauti ndogo, "Nusu ya baba, nusu ibaki kwangu." Baba akamwangalia muda mrefu. Kisha akasema, "Andika hivyo, mama." Tukaandika hivyo. Binti alisaini jina lake lote, baba akaweka dole gumba kwa wino wa kalamu, na nakala yao waliikunja ikaingia mfukoni mwa koti.

Habari ilisambaa, na akina mama wenzangu wawili watatu kanisani wakaniuliza imekuwaje nimfanyie mtoto wa watu mkataba kama kiwandani. Niliwajibu kwamba Kumbukumbu la Torati 24 linaagiza ujira wa mtu wa mshahara utolewe siku ile ile, jua lisichwe juu yake, kwa kuwa ni maskini na moyo wake unautumainia. Mtume Muhammad naye amepokewa akifundisha kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na sheria ya nchi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Wote hao wanasema jambo moja. Ukimpenda binti, mlipe. Ukimpenda zaidi, mwachie Jumapili yake. Upendo wa kumwita mwanangu huku simu yake haijawahi kupokea shilingi ni upendo unaomnufaisha anayeutamka tu.

Kumpa, kumkopesha, kumkatalia

Hapa nitasema kwa ufupi, ingawa najua ndiyo sehemu inayowahusu wengi.

Mtu akija kukuomba fedha, amua kabla hujaigusa pochi: hii ni zawadi au ni mkopo? Kama moyoni unajua hatalipa, usiite mkopo. Unajitengenezea mdaiwa wa kumchukia. Mpe unachoweza kukisahau, na umwambie hivyo. Nina sentensi ninayoitumia, ichukueni: "Shemeji, laki tatu ya kukukopesha sina. Hii hamsini ni yako, usinirudishie." Wengi hushukuru kuliko walivyoshukuru waliokopeshwa. Bwana alisema akuombaye mpe, na atakaye kukopa kwako usimpe kisogo. Hakusema umpe kiasi kile kile alichotaja.

Na ukiwa unakataa, kataa. Alisema pia ndiyo yetu iwe ndiyo, na siyo yetu iwe siyo. Sisi watu wa sala tuna namna yetu ya kukwepa ambayo naiogopa: mtu anaeleza shida yake, sisi tunajua kabisa hatutatoa, halafu tunamwambia, "Mpendwa, tuombe Mungu." Anakwenda nyumbani anasubiri. Anarudi wiki ijayo, tunaomba tena. Kama umeshaamua kutotoa, mwambie leo ili awahi kwa mwingine, kisha uombe naye ukipenda. Kulitumia jina la Mungu kuficha hapana yako ni jambo zito.

Udhamini nao uko humo humo. Mithali inaonya juu yake zaidi ya mara moja, na sura ya 22 inauliza mbona mtu aondolewe kitanda chake chini yake. Kabla hujaweka nyumba kuwa dhamana ya mkopo wa rafiki, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenzi wako aridhie kwanza, kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Mweleze mwenzi wako jambo hilo akiwa amekaa, muda upo, asiletewe fomu mlangoni.

Kwenye vikundi vya kuweka na kukopa nimeona utaratibu mzuri. Kikoba chetu kinafungua kikao kwa sala, halafu kinafungua sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti, wala mweka hazina hana hata mmoja. Wageni hudhani hatuaminiani. Mweka hazina wetu ndiye anayezipenda kufuli zile kuliko wote, kwa sababu hela ikipungua hakuna atakayemtazama yeye kwanza.

Kusamehe, na nani anayesamehe

Pamoja na kuandika kote, mambo yataharibika. Mvua itakataa, mtu ataugua, lori litakwama Kitonga. Hapa ndipo ile huruma tuliyoiweka akiba inatolewa, na ukiwa na maandishi unajua unasamehe nini. Unaweza kusema: nimekupunguzia nusu, iliyobaki nipe ukivuna. Asiye na maandishi hawezi kupunguza, maana hata kiasi chenyewe wanabishania.

Mathayo 18 imetupa ngazi za kupanda. Kwanza wewe na yeye peke yenu. Akikataa, chukua mmoja au wawili wawe mashahidi. Akikataa tena, kanisa liambiwe. Ukiangalia, ni njia ile ile wazee wetu wa huku wamekuwa wakiifuata kabla ya kufika mbali: mwenyewe, kisha wazee wa ukoo, kisha mjumbe, kisha ofisi ya mtaa au kijiji, na baraza la kata. Ninachoomba ni usiruke ngazi ya kwanza. Watu wengi wanamsema mdaiwa kwa kila mtu isipokuwa kwake. Nenda nyumbani kwake mchana, si alfajiri. Mkute mahali ambapo watoto wake hawasikii. Mwulize hali kabla ya kumwuliza hela, na usubiri jibu.

Lipo andiko linalotumiwa vibaya sana kwenye ngazi hizi, la Paulo kwa Wakorintho, anapouliza mbona hamwoni afadhali kudhulumiwa. Nalipenda andiko hilo. Nimelitumia kwa ajili yangu, nikaachia fedha ambazo ningeweza kuzidai hata mahakama ya mwanzo, na sijuti. Ila mwenye haki ya kulitamka ni yule anayedai, akijiambia mwenyewe. Mdaiwa hana haki ya kulisoma kwa sauti. Wala sisi wazee hatuna haki ya kumsomea mtu mwingine kwa niaba ya mdaiwa.

Mama mmoja mjane alimkodishia shamba lake mtu mwenye nafasi kanisani. Msimu ukaisha, kodi haikutolewa. Lilipofika kwa wazee, ushauri wa wengi ulikuwa mama asamehe, kwa ajili ya amani ya kanisa na ili watu wa nje wasituseme. Nilipinga. Yule mwenye deni alikuwa na nyumba ya bati jipya na mjane alikuwa na watoto wanne. Kumsimamisha mbele yetu na kumtaka atamke msamaha kulikuwa ni kumtwika yeye gharama ya heshima yetu. Tulimwambia aende ofisi ya kijiji akiwa na karatasi yake ya makubaliano, na mzee mmoja akamsindikiza. Alilipwa kabla ya msimu kuanza. Baada ya kulipwa, yeye mwenyewe alimpelekea mwenye deni debe la mahindi mabichi, na hakuna aliyemwagiza.

Na kama umesamehe, si lazima umrudishie funguo. Msamaha unaweza kuutoa leo hii, ukamsalimia, ukala naye msibani, ukamwombea kwa jina lake. Mzigo mwingine wa mali kauli unaweza ukasubiri mpaka uone amelipa wengine. Mtu aliyekula fedha za kikundi apokewe ibadani kwa mikono miwili na asipewe tena ufunguo wa sanduku kwa muda mrefu. Nimeona akina mpendwa wakimrudisha mtu kwenye hazina upesi ili kuonyesha kwamba wamesamehe kweli, akaanguka pale pale, na safari hiyo akahama mji. Tulimwonea.

Nimalizie na msiba, kwa sababu huko ndiko hesabu zote zinakofika. Kwetu, kabla jeneza halijabebwa, msemaji wa familia husimama na kutangaza: kama kuna anayemdai marehemu, au aliyekuwa akidaiwa na marehemu, afike aonane na familia. Wanaodai hufika. Wanaodaiwa wengi hukaa kimya, na mjane hana cha kuonyesha, kwa sababu marehemu alikuwa mtu wa watu na kila kitu alikiweka kichwani.

Kwa hiyo daftari la madeni lisiwe siri yako. Mume wangu anajua langu lilipo, na binti yangu mkubwa pia. Kuna ninayodai na kuna ninayodaiwa, yote yamo. Na deni nililolisamehe naliandika vile vile: naandika "limesamehewa," tarehe na saini, kisha mwenyewe namwambia, au namtumia ujumbe abaki nao. Nisipofanya hivyo, wanangu watalikuta siku nikiondoka, watamfuata mtu niliyekwisha kumwachia, naye hatakuwa na shahidi.